Sherehe tunaonyeshwa, Jumatatu tunafichwa

Kwenye riwaya ya The Great Gatsby kuna machungwa. Kila Ijumaa makreti matano ya machungwa na malimao yanashushwa kwa Gatsby kutoka kwa muuza matunda wa New York, na kila Jumatatu machungwa yaleyale na malimao yaleyale yanatolewa mlango wa nyuma yakiwa maganda matupu, yamerundikwa kama piramidi. Jikoni kuna mashine ya kukamua ambayo inatoa juisi ya machungwa 200 ndani ya nusu saa, ila kitufe chake lazima kibonyezwe mara 200 na kidole gumba cha mtumishi. F. Scott Fitzgerald aliyaandika hayo mwaka 1925, mistari michache tu, halafu akaendelea na taa na muziki na wageni waliokuja bila kualikwa, lakini ukishakiona kile kidole gumba hakikutoki tena kichwani, yaani hata ukifika kwenye shampeni unajua kuna mtu nyuma ya ukuta anabonyeza.

Na hiyohiyo Jumatatu kuna watumishi wanane, ukiongeza na mtunza bustani wa kukodi, wanashinda kutwa nzima na matambara na brashi na nyundo na mikasi ya bustani wakitengeneza kilichovunjwa na kuchafuliwa usiku. Mwandishi anawahesabu. Wageni wengine anawapitia juu juu, hawa wa kusafisha anakupa idadi yao.

Ninachotaka kusema ni kitu kimoja. Muvi nyingi zilizotengenezwa kutoka kwenye riwaya za namna hii, riwaya za watu wenye hela wanaooza ndani ya hela zao, zinatupa Ijumaa halafu zinatunyima Jumatatu, na hapo ndipo kitabu chote kinapovuja. Kwa sababu uozo wa hawa matajiri haukai kwenye kunywa na kucheza, watu wanakunywa na kucheza kila mahali, masikini kwa matajiri. Uozo upo kwenye nani anasafisha, nani analipa, na nani anazikwa bila watu.

Kwa ambaye hajakisoma, kisa kiko hivi. Ni kiangazi cha 1922, Long Island, pembeni ya jiji la New York. Kijana anaitwa Nick Carraway amekuja mjini kuuza hati fungani, kapanga kanyumba jirani na jumba la Jay Gatsby, tajiri ambaye hakuna anayejua vizuri hela zake zimetoka wapi. Ng'ambo ya ghuba anakaa Daisy, binamu yake Nick, na mumewe Tom Buchanan, hawa hela wamezikuta, wamezaliwa ndani yake. Gatsby kaanzia chini kabisa, jina la kuzaliwa James Gatz, mtoto wa wakulima masikini wa North Dakota, na mali yake ni ya magendo, maana Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 mpaka 1933 na yeye na wenzake wakawa wanaiuza kupitia maduka ya dawa. Sherehe zote zile ni chambo, anamtaka Daisy aje. Daisy anakuja. Halafu siku moja Daisy akiwa kwenye usukani wa gari la Gatsby anamgonga Myrtle, mke wa fundi gari, ambaye ndiye mchepuko wa Tom, anamuua palepale na hasimami. Gatsby anajitwika lawama, Tom anamwelekeza yule fundi, fundi anakwenda kumpiga Gatsby risasi kwenye bwawa lake la kuogelea halafu anajiua. Tom na Daisy wanafunga mizigo wanaondoka.

Sasa kuna sini moja pale katikati ambayo kwangu mimi ndiyo roho ya kitabu. Usiku uleule wa ajali, Nick anachungulia dirishani kwa kina Buchanan. Tom na Daisy wamekaa jikoni, meza katikati yao, sahani ya kuku wa kukaanga aliyepoa na chupa mbili za bia. Hawajala, hawajanywa. Mkono wa Tom uko juu ya mkono wa Daisy, anaongea naye polepole, na Daisy anaitikia kwa kichwa. Hawana furaha, na huwezi kusema wana huzuni vilevile, wanapanga. Mwanamke ameshakufa barabarani, mwanamume mwingine yuko nje kwenye giza anawalindia nyumba akidhani anamlinda Daisy asipigwe, na wao wako jikoni na kuku wa baridi wanapanga namna ya kutoka. Hakuna dhahabu pale, hakuna gauni wala saksafoni, na hakuna ukurasa mwingine kwenye kitabu kile unaokuonyesha utajiri uliooza kwa uwazi kama ule.

Sasa tuje kwenye muvi. Ya kwanza ya 1926 ilikuwa ya kimya na imepotea, imebaki trela tu, kwa hiyo hatuna la kuijadili. Ya 1949, Alan Ladd akiwa Gatsby, ilitengenezwa wakati Hollywood ina kanuni kali za maadili, dhambi lazima ionekane imeadhibiwa, basi wakaifungua muvi kwenye kaburi la Gatsby, Nick na Jordan, rafiki yake Daisy, wameshaoana na wamesimama pale, na kwenye jiwe kuna Mithali 14:12, iko njia ionekanayo kuwa sawa machoni pa mtu lakini mwisho wake ni njia za mauti. Hakuna kitu kama hicho kwenye kitabu. Na angalia mahubiri yale yanamwangukia nani, yanamwangukia marehemu! Aliyekulia kwenye umasikini akapiga magendo ndiye anayeandikiwa aya ya Biblia, waliozaliwa nazo wakaua wakaondoka hawana jiwe lolote.

Ya 1974 ya Jack Clayton, Robert Redford na Mia Farrow, skripti ya Francis Ford Coppola, ndiyo inayofuata kitabu kwa adabu kubwa, na adabu hiyo ndiyo imeiua. Kila kitu cheupe, kila kitu kinang'aa, kamera inapita kwenye vitambaa na glasi taratibu kama iko dukani. Ile sini ya mashati, Gatsby anamrushia Daisy mashati ya hariri na kitani ya kila rangi mpaka Daisy anainamisha uso anaanza kulia, kwenye kitabu inakuchoma kwa sababu unajiuliza huyu analia nini hasa, analia miaka mitano iliyopotea au analia mashati? Kwenye muvi unabaki unayaangalia mashati. Muvi ikapata Oscar ya mavazi, na wenye biashara wakaidandia, mitindo ya nywele, nguo za kiume, wiski, mpaka sufuria nyeupe zisizoshika chakula zikatangazwa kwa jina la Gatsby. Hata hivyo nitaipa haki yake, hii ilimleta baba.

Baba yake Gatsby, mzee Henry Gatz, anatokea mwisho wa kitabu. Amesoma habari za kifo cha mwanae kwenye gazeti akasafiri kuja mazishini. Kwenye pochi ana picha ya jumba la mwanae, imechanika pembeni na imechafuka kwa kushikwashikwa, amewaonyesha watu mara nyingi mpaka ile picha imekuwa ya kweli kwake kuliko jumba lenyewe. Halafu anatoa kitabu cha zamani cha mwanae, nyuma yake mtoto ameandika ratiba, Septemba 12, 1906, kuamka saa 12 asubuhi, mazoezi, kusoma umeme, kuweka akiba kila wiki, na mwisho kabisa, kuwa mwema zaidi kwa wazazi. Mazishi yenyewe hayana watu. Mamia waliokunywa pale hawaji. Mmoja aliyekuwa anaishi humohumo ndani bure anapiga simu, Nick anadhani anauliza saa ya mazishi, kumbe anauliza viatu vyake vya tenisi alivyoviacha.

Muvi ya 2013 ya Baz Luhrmann, Leonardo DiCaprio akiwa Gatsby, ilimtoa yule mzee, hayupo kabisa. Muvi ya zaidi ya saa mbili, bajeti zaidi ya dola milioni 100, imepigwa Sydney kwa kamera za 3D, ina muda wa fataki, ina muda wa magari mawili kukimbizana kwenda mjini, ina muda wa mashati yaleyale sasa yanarushwa kutoka juu ghorofani yanashuka kama maua, lakini haina muda wa mzee mmoja mwenye picha iliyochanika. Mimi hilo silichukulii kama kupunguza urefu tu. Ukimtoa baba umeondoa bili. Umeniachia Gatsby kijana mzuri aliyependa sana akafa kwa mapenzi, na mtoto wa mkulima aliyejifuta yeye mwenyewe, akamfuta na baba yake ili akubalike na watu wasiostahili, huyo hayupo tena.

Na matokeo tumeyaona. Muvi iliingiza zaidi ya dola milioni 350 duniani, ikachukua Oscar mbili, mavazi na ubunifu wa mandhari, Prada walitoa magauni, Tiffany vito, Brooks Brothers wakauza mkusanyiko mzima wa nguo za kiume za Gatsby. Leo neno Gatsby limekuwa themu ya pati. Nimeona kadi za bethdei za themu hiyo, za sherehe za ofisi za kufunga mwaka, manyoya kichwani, shanga ndefu, mapazia meusi na dhahabu, hapa hapa Dar na Nairobi. Sina ugomvi na mtu kuvaa apendeze siku yake. Ninachouma nacho meno ni kwamba kitabu kilichoandikwa kuonyesha sherehe ambazo mwenye sherehe alikufa peke yake kimegeuzwa kuwa mwongozo wa kupamba ukumbi.

Kuna watetezi wa Luhrmann na hoja yao ina uzito. Wanasema dairekta alikusudia, anakulewesha kwanza ili kesho yake uamke na kichefuchefu, na kwamba hata Fitzgerald mwenyewe alizipenda zile taa, ukimsoma unaona kabisa anazipenda. Ni kweli anazipenda. Lakini sentensi inaweza kupenda na kutilia shaka kwa wakati mmoja, Nick anakusimulia uzuri wa pati na ndani ya pumzi hiyohiyo anakutupia neno moja la baridi linalokufanya usogee nyuma kidogo. Kamera haina neno la baridi. Kamera ikiangalia gauni la shanga chini ya taa inakuletea gauni la shanga chini ya taa, basi, na ukiongeza sauti ya msimulizi juu yake ikisema huu ni ubatili, jicho limeshaamua zamani. Luhrmann alijua tatizo hili, ndiyo maana akamweka Nick kwenye sanatoria, hospitali ya kupumzishia wagonjwa, anaandika na maneno ya kitabu yanaelea kwenye skrini, lakini maneno yaliyopambwa namna ile nayo yanakuwa sehemu ya mapambo. Kwa hiyo mwenye kutaka kuonyesha uozo kwa kamera inabidi atafute njia nyingine, aamue kamera isimame wapi na imsubiri nani.

Na tatizo hili siyo la Hollywood peke yake. Twende kwenye muvi ambayo huku kwetu imeliza watu wengi kuliko Gatsby, Devdas. Riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay ilitoka 1917 kwa Kibengali na imetengenezwa muvi mara nyingi mno, ya 1935, ya Bimal Roy na Dilip Kumar ya 1955, na ile ya Sanjay Leela Bhansali ya 2002 yenye Shah Rukh Khan, Aishwarya Rai na Madhuri Dixit, ambayo Unguja, Tanga, Mombasa, Dar, kila aliyekuwa na deki wakati ule aliiona. Kisa ni mtoto wa mwenye ardhi, Devdas, anampenda jirani yake Paro tangu utotoni, wazazi wa Devdas wanakataa kwa sababu familia ya Paro ni ya chini yao, ya kibiashara, Devdas anakosa ujasiri, Paro anaozwa kwa tajiri mjane mwenye watoto wakubwa, Devdas anaingia kwenye pombe mpaka anakufa.

Kwenye riwaya, Paro anapomjibu Devdas kwa kiburi, Devdas anampiga usoni na fimbo ya kuvulia samaki aliyokuwa nayo mkononi, damu inatoka, alama inabaki. Fimbo ya kuvulia, kitu cha kijijini, kitu cha utotoni kwao. Kwenye muvi ya 2002 anampiga na mkufu. Mkufu wa vito, siku ya harusi, Paro kapambwa mpaka huoni ngozi. Sini ni nzuri kuangalia, na ubaya wake ni huohuo, ule ukatili wa kijana wa kitajiri aliyezoea kwamba hakuna wa kumwambia kitu umegeuzwa pambo, mpaka alama ya jeraha inaonekana kama hereni nyingine.

Afu angalia nyumba. Chanzo cha mkasa wote ni kwamba kwao Paro ni wa hali ya chini. Sasa Bhansali amemjengea Paro nyumba ya vioo vya rangi, ukumbi na nguzo, mwanga unapita kila upande, kasri kabisa. Mama yake Devdas anapomdhalilisha mama yake Paro mbele ya watu mtazamaji anabaki anashangaa, huyu anamdharau mwenzie kwa lipi, mbona wote wanaishi ikulu? Ile tofauti ya hela na hadhi, ambayo ndiyo iliyoua watu kwenye riwaya, imefutwa na bajeti. Ilikuwa muvi ghali kuliko zote za India kwa wakati wake na kila rupia unaiona, ila huuoni umasikini hata wa kusingizia. Na mwisho wa riwaya, Devdas anafika kwa mkokoteni wa ng'ombe usiku, anafia nje ya geti la wakwe wa Paro, maiti haina mwenyewe, wanaitwa watu wa tabaka la chini waichome, wanaichoma nusunusu wanaitupa. Hiyo haipo. Kuna Paro anakimbia, sari ndefu inaburuzika kwenye ngazi, geti kubwa linafungwa. Nililia na mimi, silikatai hilo, lakini tulimlilia Paro aliyenyimwa mpenzi, na yule kijana aliyekuwa na kila kitu akashindwa kuwa mtu, akafa kama asiye na kwao, hatukuonyeshwa.

Wapo waliofanikiwa. Erich von Stroheim mwaka 1924 alitoa Greed, kutoka kwenye riwaya ya Frank Norris inayoitwa McTeague ya 1899. Mwanamke anaitwa Trina anashinda bahati nasibu dola 5,000 na kuanzia hapo hela inamla, anaficha, anahesabu, analala na sarafu za dhahabu kitandani zimguse mwilini huku mumewe hana hata nauli. Muvi ni nyeusi na nyeupe, lakini dairekta aliagiza vitu vya dhahabu vitiwe rangi ya manjano kwenye filamu yenyewe, kwa hiyo kwenye ulimwengu wa kijivu kinachowaka ni dhahabu peke yake, na inawaka kama ugonjwa. Mwisho aliupiga Death Valley kwenyewe, jangwa la California, kwenye jua lile, wanaume wawili na hela na hakuna maji. Studio waliikata ikabaki kipande kidogo tu cha ile aliyokusudia, ya saa nyingi mno, lakini hata hicho kipande hakuna mtu ataangalia akatamani kuwa na sarafu za Trina. The Picture of Dorian Gray ya 1945, kutoka kwa Oscar Wilde, ilitumia ujanja unaofanana, muvi nzima haina rangi, ukifika kwenye ile picha ya kuchorwa iliyobeba dhambi za kijana ghafla inakuja rangi kamili, usaha na madonda, halafu unarudishwa kwenye sura yake safi ya kijivu. Rangi, yaani raha ya macho, umepewa kwenye picha ile tu.

Lakini muvi ninayotaka kila anayependa mambo haya aitafute ni Xala ya Sembène Ousmane wa Senegal. Huyu wengi wetu tumemsoma kwa Kiswahili kwenye Hawala ya Fedha. Riwaya ya Xala aliiandika mwenyewe ikatoka 1973, akaiongoza mwenyewe ikawa muvi 1975, na hakujionea huruma. El Hadji Abdou Kader Beye ni mfanyabiashara wa Dakar baada ya uhuru, anaoa mke wa tatu, binti mdogo, na usiku wa harusi nguvu za kiume zinamtoka, karogwa, na muvi nzima ni kutafuta nani kamroga na mganga gani ataweza.

Inavyoanza tu unajua uko kwa mtu anayejua anachofanya. Wazalendo wanaingia Chemba ya Biashara wanawatoa Wafaransa, ngoma zinalia nje, sanamu zinashushwa ngazi. Dakika chache baadaye Wafaransa walewale wanarudi na mabrifkesi, kila mzalendo anafungua lake, limejaa noti, anafunga. Hakuna anayehubiri. Utajiri wa El Hadji ameupiga picha kwa vitu ambavyo huwezi kuvitamani bila kuona aibu, gari la zawadi ya harusi limefungwa utepe, Mercedes inamiminiwa maji ya chupa ya Evian yaliyotoka Ufaransa kwenye nchi ambayo ina ukame. Binti yake mkubwa, Rama, anakaribishwa yaleyale maji ofisini kwa baba yake anakataa, anamjibu kwa Kiwolof baba anayesema Kifaransa.

Na ombaomba wapo. Tangu mwanzo wako nje ya ofisi, mmoja wao kipofu, wanaimba, wanamuudhi El Hadji. Anapiga simu, polisi wanakuja wanawasomba kwenye lori wanawatupa mbali na mji. Hapo dairekta mwingine angerudi kwenye harusi. Sembène anabaki na ombaomba. Anawaonyesha wakirudi kwa miguu, wengine wanajikokota chini kwa sababu hawana miguu ya kutembelea, kwenye ardhi kavu, taratibu, mpaka unachoka wewe uliyekaa. Ndiyo Jumatatu hiyo. Amekulazimisha uilipie kwa muda wako.

Wanapofika wanaingia ndani ya nyumba ya mke mkubwa, wanafungua friji, wanakaa kwenye makochi, na kipofu anasema yeye ndiye aliyemroga El Hadji, kwa sababu mali ya El Hadji ilianza kwa kumdhulumu yeye ardhi ya ukoo wao. Dawa ipo, avue nguo zote asimame, wamtemee mate, mmoja mmoja. Anasimama mbele ya mkewe na watoto wake, anatemewa, na picha inagandia pale. Serikali ya Senegal iliikata muvi sehemu kadhaa kabla haijaonyeshwa, Sembène akachapisha vipeperushi kuwaeleza watu nini kimekatwa. Sijawahi kusikia mtu amefanya pati ya themu ya Xala.

Huku kwetu muvi za kitajiri zinatengenezwa kila siku. Jumba la kukodi Mbezi Beach, gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia taratibu, mlango unafunguliwa, kiatu kinashuka, ngazi, sebule, dada wa kazi analeta juisi kwenye trei anaondoka. Tunayajua haya kwa moyo. Yule mlinzi hana jina, dada hana jina wala mstari zaidi ya "karibu", na mara nyingi ujumbe wa muvi ni kwamba tajiri ni mbaya! Utanishawishije kwamba ni mbaya wakati kamera yako inamsujudia na watu pekee wanaojua ubaya wake umewapa trei?

Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999, ilifanywa muvi na Amil Shivji mwaka 2021 ikaenda mpaka tamasha la Toronto, kwa hiyo uwezo wa kuchukua riwaya ya Kiswahili na kuipiga picha kwa heshima tunao. Mimi ningependa ifuate Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya 1972. Ina kila kitu, mzee Mwinyi mwenye mali na uchu, kijana mwenye njaa ya kutajirika, na Bahati ambaye mapenzi yake yanageuzwa mtaji na mtu anayemwamini. Watu watatu na tamaa. Kishawishi kitakuwa kuanza na jumba la Mwinyi, milango ya Kizanzibari, mazulia, trei za shaba, na mtaalamu wa mavazi atafanya kazi nzuri sana na wote tutataka kushona hizo nguo. Ningemwomba dairekta aanze na Bahati, anapoanza kuombwa vitu vidogo vidogo na mtu anayempenda, kamera ikae usoni kwake muda mrefu kuliko inavyokaa kwenye mali ya Mwinyi, na zile hela zikionekana zionekane mkononi kwa yule kijana anazihesabu. Hela nyingi haihitajiki. Nyumba moja ya Mji Mkongwe, waigizaji watatu wanaojua kazi, na mtu wa skripti aliyekisoma kitabu mpaka mwisho.